Jinsi ya kupima ufahamu wa msomaji mdogo kwa kifungu kimoja cha makombe ya baharini: mwongozo kamili

Soma sentensi hii kwa sauti: *Mndoge aligwesua vipwanyo vyake kwenye kizombeo.*

Nani aligwesua vipwanyo? Mndoge. Alivigwesulia wapi? Kwenye kizombeo. Umepata mbili kwa mbili, na hujui hata neno moja lilisema nini.

Hapo ndipo vipimo vingi vya ufahamu huharibikia. Tahajia ya Kiswahili haina hila: herufi husomwa vilevile kila inapotokea, kwa hiyo mtoto aliyeshika silabi anaweza kusoma ukurasa mzima bila kukosea huku maana ikimpita pembeni. Ukimwekea maswali yanayojibiwa kwa kunakili sentensi, atayapata pia. Mwalimu anaandika "anaelewa", na muhula unaofuata anashangaa mtoto huyohuyo anaposhindwa kusimulia hadithi ya mistari kumi.

Mwongozo huu ni wa kumpima mtoto mmoja mmoja, darasa la pili au la tatu, kwa dakika nane hadi kumi. Kifungu, maswali na majibu yanayokubalika vyote vimo humu, na unaweza kuvinakili kama vilivyo.

## Vitu vya kuandaa

- Nakala ya mtoto: kifungu peke yake, herufi za kuchapa zenye ukubwa wa 18 hadi 20, nafasi ya kutosha kati ya mistari. Usiweke picha.
- Nakala ya mwalimu: kifungu kilekile, na mwisho wa kila aya idadi ya maneno hadi hapo. Acha nafasi juu ya kila mstari ya kuandikia.
- Karatasi ya maswali na ya kusahihishia, moja kwa kila mtoto.
- Simu au saa yenye kuhesabu sekunde, na penseli mbili.
- Kombe moja halisi la konokono wa baharini, au picha yake. Liwe tupu.
- Viti viwili pembeni, mahali ambapo watoto wengine hawasikii. Mtoto wa tano akishawasikia wanne waliomtangulia, unachopima ni kumbukumbu yake ya yale waliyosema.

Picha imekatazwa kwa sababu moja tu: mchoro wa kaa akichungulia ndani ya kombe unajibu maswali mawili kati ya sita kabla mtoto hajasoma herufi.

## Kifungu

Kombe la Kahawia

Neema alikwenda ufukweni na babu yake. Maji ya bahari yalikuwa yamerudi nyuma. Neema aliokota makombe sita, akayatia ndani ya kikapu. Matano yalikuwa meupe. Moja lilikuwa la kahawia, tena zito kuliko mengine. (31)

Walipumzika chini ya mti. Mara kikapu kikatikisika. Neema alichungulia ndani. Kombe la kahawia lilikuwa linatembea! Miguu midogo ilichomoza chini yake. (51)

"Huyo ni kaa," babu alisema. "Tumbo lake ni laini. Hujificha ndani ya kombe tupu ili asiliwe na samaki." (69)

Neema alilitazama kombe lile kwa muda. Kisha aliinuka, akabeba kikapu hadi majini. Aliporudi kwa babu, kikapu kilikuwa na makombe matano tu. (90)

Ni maneno 90, kichwa hakihesabiwi. Namba zilizo kwenye mabano ni za nakala yako. Zifute kwenye nakala ya mtoto.

Angalia mambo matatu kabla hujaanza kubadilisha chochote. Kwanza, kichwa hakimtaji kaa. Ukikiita "Kaa Ndani ya Kombe" umekwisha kutoa jibu. Pili, hakuna mahali palipoandikwa kwamba Neema alimrudisha kaa baharini. Pengo hilo ndilo moyo wa kipimo, na walimu wengi hulijaza kwa wema: wanaongeza "akamrudisha kaa majini" ili kifungu kieleweke. Usifanye hivyo. Tatu, imeandikwa "maji yalikuwa yamerudi nyuma" badala ya "yamekupwa". Mtoto wa pwani anajua kupwa na kujaa tangu anatambaa; wa bara anaweza kuwa hajawahi kulisikia neno hilo, na kosa lake lingehesabiwa kuwa udhaifu wa kusoma.

## Maswali na majibu yake

1. Neema alikwenda ufukweni na nani? (alama 1)
Babu, au babu yake.

2. Kikapu kilipotikisika, Neema aliona nini ndani? (alama 1)
Kombe linatembea, au miguu midogo. "Kaa" pia ikubali. "Makombe" peke yake ni sifuri.

3. Babu alisema, "Tumbo lake ni laini." Tumbo la nani? (alama 1)
La kaa. Mtoto akisema "la babu" au "la Neema", amesoma maneno ila hajamfuata anayezungumziwa.

4. Kwa nini kombe la kahawia lilikuwa zito kuliko mengine? (alama 2)
Alama 2: kwa sababu kaa alikuwa ndani. Alama 1: "kulikuwa na kitu ndani". Sifuri: "kwa sababu ni kubwa", "kwa sababu ni la kahawia".

5. Neema alifanya nini alipokwenda majini? Umejuaje? (alama 2)
Alama 2: alimrudisha kaa (au alilirudisha kombe lenye kaa), pamoja na ushahidi: makombe yalikuwa sita yakabaki matano. Alama 1: jibu sahihi bila ushahidi, au ametambua kuwa kombe moja limepungua ila hasemi limekwenda wapi. Sifuri: "alikwenda kuoga", "alikwenda kunawa".

6. Imeandikwa, "Miguu midogo ilichomoza." Kuchomoza hapa ni kufanya nini? (alama 1)
Kutokeza, kutoka nje, kuonekana. Mtoto akionyesha kwa vidole vyake vikitokeza chini ya kiganja, mpe alama. Unapima maana, humfanyishi mtihani wa kamusi.

Jumla ni alama 8. Nne kati ya hizo ziko kwenye maswali ya 4 na la 5, kwa makusudi: hayo mawili hayawezi kunakiliwa kutoka mstari wowote. La 4 linadai mtoto aunganishe aya ya kwanza na ya tatu, na la 5 linadai aunganishe ya kwanza na ya mwisho.

Swali la 3 usilidharau kwa ufupi wake. Lugha yetu haitofautishi "wake" wa mwanamume, wa mwanamke na wa mnyama. Viambishi a-, -m- na -ake hubeba watu wengi kwa wakati mmoja, na msomaji ndiye anayetakiwa kujua nani ni nani. Mtoto anayepotea hapo atapotea kwenye kila hadithi yenye wahusika zaidi ya wawili.

Swali moja linalojileta haraka limeachwa nje: "Makombe meupe yalikuwa mangapi?" Jibu ni matano, lakini neno "matano" lipo pia kwenye mstari wa mwisho. Mtoto anayekumbuka maneno ya mwisho tu aliyosoma angepata alama.

## Hatua ya 1: Yajaribu maswali kwa watoto ambao hawajasoma

Kabla ya siku ya kipimo, tafuta watoto watatu wa umri huohuo kutoka darasa jingine. Wasomee maswali bila kifungu, uwaambie wabahatishe.

Swali likipatwa na wawili kati ya watatu, litupe. Halipimi kusoma, linapima wanachokijua tayari. Ndiyo maana hapa hakuna swali la "Makombe hupatikana wapi?".

Chunguza pia upatanisho wa kisarufi. Ukiuliza "Kipi kilitikisika?", ki- imekwisha kumwelekeza mtoto kwenye kikapu, maana ndiyo nomino pekee ya kundi hilo kwenye aya ile. "Lipi lilikuwa zito?" nalo linapiga kelele "kombe". Ni kosa la kimya sana, na maswali mengi yanayotungwa kwa haraka yanalo. Dawa yake ni kukitaja kitu chenyewe ndani ya swali, halafu uulize sababu yake au kilichofuata.

Utajua umefaulu: watoto watatu wote wanakosa maswali ya 3, 4 na 5. La 1 mtu anaweza kulibahatisha. Mmoja kati ya watatu si tatizo.

## Hatua ya 2: Fungua mazungumzo na sawazisha uwanja

Keti ubavuni mwa mtoto, upande wa mkono asioandikia. Ukikaa mkabala naye ataona penseli yako ikitembea kila anapokosea, na ataanza kusoma uso wako badala ya karatasi.

Mwonyeshe lile kombe. Sema, kwa kila mtoto, maneno yaleyale:

"Hili ni kombe la baharini. Zamani lilikuwa nyumba ya konokono wa baharini. Utasoma hadithi kuhusu makombe kama haya. Soma kwa sauti, kwa mwendo wako. Ukimaliza utanisimulia, kisha nitakuuliza maswali. Ukikwama kwenye neno, jaribu. Nikiona bado, nitakusaidia."

Sekunde thelathini hizi zina kazi. Watoto wengi neno kombe wanalijua kutoka kwenye mpira, na bila kuonyeshwa watasoma hadithi nzima wakiwaza zawadi ya mshindi. Lakini ishia hapo. Usimtaje kaa, wala usimruhusu mtoto achungulie ndani ya kombe na kuuliza kama kuna mnyama. Baada ya maelezo lifiche.

Yale maneno "nitakuuliza maswali" yasikosekane. Mtoto asiyejua kwamba ataulizwa husoma ili amalize.

Kikwazo cha kawaida: mwalimu anawapa baadhi ya watoto maelezo marefu na wengine mafupi, kutegemea anavyowaona. Alama hazilingani tena. Andika maelezo kwenye kadi, uyasome.

## Hatua ya 3: Asome kwa sauti, wewe uweke alama

Anza kuhesabu sekunde anapotamka "Neema" ya kwanza, siyo unapomkabidhi karatasi. Simamisha anapomaliza "tu".

Usimkatishe kwenye dakika moja. Vipimo vya kasi hukata hapo, lakini maswali yetu yanahitaji aya ya mwisho. Mtoto aliyesimamishwa kwenye neno la 50 hajapewa nafasi ya kujua kwamba makombe yalipungua.

Kwenye nakala yako weka alama hivi:

- Amekosea neno: likate, uandike juu yake alichosema.
- Ameruka neno: lizungushie duara.
- Amekwama sekunde tatu: mtajie neno, uandike "m". Ni kosa.
- Amejirekebisha mwenyewe: andika "j". Si kosa.
- Amerudia neno au sentensi: pigia mstari. Si kosa.
- Ametaja silabi mojamoja (a-li-chu-ngu-li-a) kisha akaliunganisha: si kosa. Asipoliunganisha kabisa, hesabu kosa.

Lafudhi si kosa. Mtoto ambaye hata kwenye mazungumzo husema "kalibu" kwa "karibu" akisoma "kala" kwa "kaa" amekosea. Akibadilisha r na l kwa mazoea yake hajakosea kitu. Kama huna uhakika, msikilize anavyoongea wakati wa kusimulia.

Andika alichosema hasa, usiridhike na kulikata neno tu. Tofauti ni kubwa. Mtoto aliyesoma "alichukulia" badala ya "alichungulia" akaendelea bila kushtuka hakuwa anafuata maana. Sentensi "Neema alichukulia ndani" ingemsimamisha. Aliyesoma "akaweka ndani ya kikapu" badala ya "akayatia" amekosea neno, lakini maana ameishika. Kwenye hesabu ya makosa wote wana moja moja. Kwenye uamuzi wako wasiwe sawa.

Simamisha mapema kama maneno kumi ya kwanza yote yamemshinda, au dakika tatu zimepita na hajafika nusu. Mshukuru, uende hatua ya 7. Kuendelea kumbana hakuongezi taarifa, kunaongeza woga.

Utajua umefaulu: mwalimu mwingine akiichukua nakala yako anaweza kusema mtoto alisomaje bila kumsikia.

## Hatua ya 4: Asimulie kabla hujauliza chochote

Geuza karatasi kifudifudi. Sema: "Nisimulie hadithi uliyosoma, kama vile mimi sijaisoma." Kisha nyamaza.

Kusimulia kunatangulia maswali kwa sababu maswali yenyewe yana taarifa. Ukishauliza "Kikapu kilipotikisika...", umemfundisha mtoto kwamba kikapu kilitikisika.

Tia vema kila jambo atakalotaja, kwa maneno yoyote na kwa mpangilio wowote:

1. Neema na babu walikwenda ufukweni
2. Aliokota makombe
3. Kikapu kilitikisika, au kombe lilitembea
4. Ndani ya kombe kulikuwa na kaa
5. Kaa hujificha humo kwa usalama wake
6. Neema alimrudisha, au makombe yalipungua

Akinyamaza, ngoja sekunde kumi. Ni ndefu kuliko zinavyosikika, na walimu wengi huvunjika kwenye ya nne. Halafu sema mara moja tu: "Nini kingine kilitokea?" Usidokeze zaidi ya hapo. "Halafu kikapu kikafanyaje?" ni swali, na umeshaharibu kipimo.

Matano au sita ni simulizi nzuri. Matatu au manne, ameshika sehemu. Mtoto anayetaja la 1 na la 2 kisha akasimama, mara nyingi nguvu zilimwishia aya ya pili.

## Hatua ya 5: Uliza maswali

Karatasi ibaki imegeuzwa. Uliza kwa mpangilio wa 1 hadi 6, sauti ileile, mara moja. Rudia mara ya pili akiomba au akikaa kimya.

Akikosa, geuza karatasi juu na useme: "Unaweza kutazama." Akipata baada ya kutazama, mpe alama zake lakini andika "t" pembeni. Tunapima kuelewa, hatupimi kukariri, na msomaji mzuri hurudi kwenye maandishi. Hiyo "t" itakusaidia baadaye: mwenye "t" kwenye maswali ya 1 na la 2 peke yake hana neno. Ambaye hata baada ya kutazama anasoma tena kwa sauti mstari wenye neno "zito" na kuutoa kuwa jibu la swali la 4, ndiye yule wa vipwanyo.

Uso wako usitoe jibu. Kutikisa kichwa, "mmh" ya kupanda, kuuliza tena kwa mshangao: yote mtoto anayasoma vizuri kuliko kifungu. Kwa kila jibu, sahihi au kosa, sema "Asante."

Swali la 5 lina sehemu mbili. Uliza ya kwanza, pokea jibu, kisha "Umejuaje?". Watoto wengi wakisikia hivyo hudhani wamekosea na hubadilisha jibu. Waambie tangu mwanzo kwamba swali hilo utawauliza wote. Jibu la kwanza ndilo linaloandikwa.

Jibu lisiloeleweka, sema "Nieleze zaidi kidogo." Mara moja. Akisema "kombe lilianguka" kwenye swali la 5, ametambua kupungua. Ni alama 1.

Kama lugha ya nyumbani ya mtoto si Kiswahili na wewe unaijua, mruhusu ajibu kwa lugha hiyo. Amesoma Kiswahili, kutunga sentensi ya kueleza sababu kwa Kiswahili ni ujuzi mwingine.

## Hatua ya 6: Piga hesabu

Usahihi: toa makosa kwenye 90, gawa kwa 90, zidisha kwa 100. Kwa kifungu hiki huhitaji hata kikokotoo:

- Makosa 0 hadi 4: asilimia 95 na zaidi. Kifungu ni chepesi kwake, anaweza kukisoma peke yake.
- Makosa 5 hadi 9: asilimia 90 hadi 94. Kinamfaa akiwa na msaada.
- Makosa 10 na zaidi: chini ya asilimia 90. Ni kigumu mno, na alama zake za ufahamu usizitumie kumhukumu.

Kasi: maneno sahihi mara 60, gawa kwa sekunde. Mtoto aliyekosea maneno 6 akatumia sekunde 105: 84 × 60 ÷ 105 = maneno 48 kwa dakika.

Usiichukue namba hiyo ukailinganisha na jedwali la kasi lililotengenezwa kwa Kiingereza. "Hawakutuambia" ni neno moja kwetu. Kwa Kiingereza ni manne au matano. Msomaji wa Kiswahili ataonekana mzito wakati kazi aliyofanya ni ileile. Ilinganishe na ya mtoto mwenyewe miezi mitatu iliyopita, au ya wenzake kwa kifungu hikihiki.

Ufahamu: alama 7 au 8, ameelewa vizuri. 5 au 6, ameelewa kwa sehemu, tazama alipopoteza. 4 na kushuka, hajaelewa. Kumbuka maswali yasiyo ya 4 na la 5 yana alama 4 kwa jumla, kwa hiyo nne iliyotokana na hayo tu ni taarifa yenye maana yake.

## Hatua ya 7: Tafuta chanzo kwa kumsomea

Kwa mtoto yeyote aliyepata 4 au chini, au aliyesimamishwa mapema, rudi siku nyingine na kifungu pacha (namna ya kukitunga iko chini). Safari hii msomee wewe, kwa mwendo wa kawaida, mara moja, na uulize maswali yake. Kifungu kilekile hakifai tena. Hadithi ameshaijua nusu.

Watafiti wa usomaji Gough na Tunmer walilieleza jambo hili mwaka 1986 kwa hesabu fupi: kuelewa maandishi ni zao la kusoma maneno mara kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kizuri namna gani. Kumsomea kunakuonyesha kipi ndicho kilichokosekana.

Akisikiliza anaelewa, akisoma haelewi. Lugha anayo. Kinachomla ni kusoma maneno. Mpe silabi zinazomsumbua (kwenye kifungu hiki, mfano ni "chu-ngu-li"; tazama aliposimama hasa), na usomaji wa kurudia kifungu kifupi mpaka kitiririke.

Hata akisikiliza haelewi. Mazoezi ya silabi hayatamsaidia. Anahitaji msamiati, kusomewa hadithi na kuzungumza juu yake. Kama haelewi hata maagizo ya kawaida ya darasani, masikio yake yapimwe kabla ya kitu kingine chochote.

Anasoma kwa usahihi wa asilimia 95, maswali ya 1 na la 2 anapata, ya 4 na la 5 sifuri. Ndiye mwenye kunakili, na ndiye anayepita bila kuonekana kwa sababu sauti yake ni nzuri. Mfanyie mazoezi ya sentensi mbilimbili: "Juma alifungua mwavuli. Viatu vyake vilijaa matope. Hali ya hewa ilikuwaje? Umejuaje?" Sentensi mbili kwa siku zinatosha kuanzia.

Makosa ni mengi, ufahamu ni mzuri. Soma ulichoandika juu ya maneno yaliyokatwa. Kama mengi yana maana ya karibu, anabahatisha kwa akili. Itamfikisha mbali kidogo, mpaka vifungu viwe na mambo asiyoyajua.

Amesimulia vizuri, maswali yamemshinda. Mara nyingi haelewi maneno ya kuuliza. "Kwa nini" anaijibu kama "nini". Yafundishe hayo peke yake.

Usimpange mtoto kwenye kundi kwa kifungu kimoja. Viwili, siku mbili tofauti, ndiyo uamue.

## Darasa likiwa kubwa

Wote wasome kimya na kujibu kwa maandishi? Inawezekana, ila unachanganya kusoma na kuandika. Jibu la neno moja "kaa" kwa swali la 4 linaweza kutoka kwa mtoto aliyeelewa kila kitu na asiyeweza kuandika sentensi. Njia ya kati: wape wote karatasi ya maandishi, kisha uwaite mmoja mmoja waliopata 4 au chini, pamoja na wachache walioandika kwa kunakili mstari mzima. Kwa hao fuata hatua zote.

## Kutunga kifungu pacha

Weka maneno kati ya 85 na 95, aya nne, na mapengo mawili ya kuunganisha. Usiongeze maneno mapya magumu zaidi ya mawili.

Mambo ya kweli kuhusu makombe unayoweza kuyatumia: konokono wa baharini ana kombe moja, chaza ana mawili yaliyoungana kama bawaba, kombe hukua pamoja na mnyama, naye huliongeza ukingoni, yule kaa hajengi kombe, anatumia lililoachwa na konokono aliyekufa, na akikua hutafuta kubwa zaidi. Hakikisha hadithi yako haisemi kwamba kaa alizaliwa nalo. Ni kosa la kawaida, na mtoto anayejua ukweli atakosa swali kwa kujua kwake.

La mwisho, na ndilo linalofaa zaidi kwa kipimo: ule mvumo unaosikika ukiweka kombe sikioni. Ni sauti za mahali ulipo zinazozunguka ndani ya uwazi wa kombe, bahari haimo. Andika kifungu kinachosema hivyo waziwazi, chenye mtoto anayesikiliza kombe kwenye chumba chenye kelele, kisha kwenye chumba kimya. Uliza: "Kwa nini mvumo ulipungua kwenye chumba kimya?" Watoto wengi wameshaambiwa kwamba ni bahari. Atakayejibu "kwa sababu bahari imetulia" amejibu kwa alichokuja nacho, hata kama alisoma maneno yote 90 bila kosa.